Je, Wajua? Mitandao Mipya na Masharti ya Mganga

Kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba mchezo umekwisha. Facebook, WhatsApp na Instagram zote ziko mikononi mwa mwenye mali mmoja, na TikTok ikakomba kilichobaki. Halafu tangu 2020 programu mpya zikaanza kuchipuka tena, kila moja na masharti yake kama ya mganga: posti mara moja tu kwa siku, usizidishe marafiki, picha usiitazame mpaka kukuche.

Je, wajua kwamba BeReal, kutoka Ufaransa, ilianza kwa kukuita mara moja tu kwa siku? Arifa inaingia saa yoyote inayotaka yenyewe, na una dakika 2 za kupiga picha. Kamera ya mbele inachukua uso wako, ya nyuma inachukua kilicho mbele yako, iwe sufuria ya ugali au rundo la mafaili ofisini. Ukichelewa, marafiki wanaonyeshwa umechelewa kwa muda gani. Ukirudia picha, wanaonyeshwa umerudia mara ngapi. Na usipoposti ya kwako, za wenzako huzioni. Mmoja wa waanzilishi wake, Alexis Barreyat, aliwahi kufanya kazi GoPro, watengenezaji wa kamera ndogo. Apple iliichagua kuwa programu bora ya iPhone ya mwaka 2022, na Juni 2024 ikanunuliwa na Voodoo, kampuni ya michezo ya simu ya Paris, kwa euro milioni 500.

TikTok nayo iliiga mapema: TikTok Now ilizinduliwa Septemba 2022, mwaka uliofuata ikafungwa. Kuiga kitufe ni rahisi. Kumshawishi mtu aliyefuata muziki na vichekesho aonyeshe chumba kisichofagiliwa ni kazi nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba kuna programu ya kamera, Dispo, ambayo picha uliyopiga leo huioni hadi saa 3 asubuhi ya kesho? Iliigiza enzi za kupeleka filamu studio kusafishwa. Huenda wengi wa walioipenda hawajawahi kuishika filamu yenyewe.

Je, wajua kwamba Locket ilianza kama zawadi ya siku ya kuzaliwa? Matt Moss wa Marekani alimtengenezea mpenzi wake, kwa kuwa walikuwa wanakaribia kukaa mbali mmoja na mwenzake. Picha anayotuma mmoja inajitokeza yenyewe kwenye kioo cha mwanzo cha simu ya mwenzake, bila kufungua chochote. Hilo halikuwezekana kwenye iPhone kabla ya Septemba 2020. Ilipofunguliwa kwa watu wote Januari 2022, ilikuruhusu marafiki 5 tu. Siku chache baadaye ilikuwa namba 1 katika duka la programu la Apple Marekani.

Si kwamba sharti la marafiki wachache ni jipya. Path ya mwaka 2010 iliweka kikomo cha 50. Ikapendwa sana Indonesia kuliko ilivyopendwa kwao Marekani, na 2018 ikazimwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2014 kulikuwa na programu, Yo, iliyoweza kutuma neno moja tu, "Yo"? Or Arbel aliitengeneza kwa saa 8 hivi, na wawekezaji wakatoa zaidi ya dola milioni 1. Nani kasema pesa haina wazimu?

Clubhouse, ya Machi 2020, ilikuwa ya sauti tupu. Uingie kwa mwaliko, tena uwe na iPhone, na hapo Waafrika wengi, watu wa Android, wakabaki nje. Aprili 2021 ilithaminiwa dola bilioni 4. Android ikaruhusiwa Mei, mialiko ikaondolewa Julai, lakini ikazidi kushuka. Aprili 2023 ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Foleni mlangoni ndiyo iliyokuwa tangazo, ndivyo ninavyoona mimi. Wazo lenyewe lilihamia Spaces, vyumba vya sauti vya Twitter (leo X), na huko Kenya likakaa kama kwao: Julai 5, 2024, baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto aliingia Space kujibu maswali ya vijana.

Je, wajua kwamba Threads, ya wenye Instagram, ilipata watu milioni 100 kwa siku 5, Julai 2023? Usishangae mno: uliingia kwa akaunti yako ya Instagram. Kutoka ndiko kulikokuwa na kesi. Mwanzoni, kuifuta akaunti ya Threads kulimaanisha kufuta na ya Instagram, hadi Novemba mwaka huo.

Wapo pia wanaohama kwa kulazimika: Wabrazili, X ilipofungiwa kwao Agosti 30, 2024, walijazana kwa mshindani wake Bluesky kwa mamilioni.

Waliosoma sekondari Kenya enzi za simu za vitufe watakumbuka 2go. Iliasisiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, ikavuma Nigeria na Kenya. Ulipanda nyota kwa kukaa hewani muda mrefu, kutoka Novice hadi Ultimate, na wapo waliolaza simu imewashwa ili wapande. Hapo sharti lilikuwa kinyume: usitoke.

Je, wajua kwamba Nikita Bier aliuza wazo lile lile mara mbili? Mwaka 2017 alikuwa na tbh, kura za kusifiana mashuleni bila kujulikana nani kakusifu. Facebook ikainunua Oktoba, Julai 2018 ikaifunga. Mwaka 2022 akarudi na Gas, kura zile zile, safari hii ukilipia kupata fununu za aliyekuchagua. Ikazushiwa kuwa inatumiwa kuuza watoto, uongo mtupu, na wengi wakaifuta. Discord ikainunua Januari 2023, Novemba ikaifunga. Mwaka 2025 Bier akawa mkuu wa bidhaa wa X.