Kioo Kimoja Cheusi, Sababu Nyingi: Ungo, King'amuzi na Malipo ya Televisheni Mjini Bukoba

Katika kata ya Nshambya, Manispaa ya Bukoba, nyungo za televisheni zimekuwa sehemu ya mandhari. Mmoja umefungwa ukutani, mwingine juu ya bati, wa tatu kwenye nguzo iliyosimikwa kando ya migomba. Kila ungo una mwenyewe, na kila mwenyewe analo lalamiko: picha hukatika wakati taarifa ya habari inaanza, king'amuzi kilichonunuliwa juzi hakiwaki, malipo ya mwezi yamekwisha kutolewa lakini kioo kinasema hayajapokewa. Akiitwa fundi, humlaumu mtoa huduma. Akiulizwa mtoa huduma, humlaumu fundi au hali ya hewa. Mwenye televisheni hubaki katikati, na siku alizozilipia huendelea kuhesabiwa.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini hitilafu zilizo mbalimbali kabisa huonekana kwa dalili moja, yaani kioo cheusi, na jinsi mtumiaji anavyoweza kuzitenganisha kabla ya kutoa fedha nyingine.

Kutoka chenga hadi giza

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Mitambo yote ya wakati huo ilitumia mfumo wa analojia, ambao ndani yake wimbi la redio hubadilika kwa kufuata mwanga na sauti moja kwa moja. Wimbi likidhoofika kidogo, picha ilitoka chenga. Likidhoofika zaidi, chenga ziliongezeka. Mtazamaji aliona ugonjwa ukianza, akapanda juu ya nyumba kugeuza antena huku mtoto akimpigia kelele kutoka sebuleni kwamba picha imekuja au imepotea.

Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano uliziwekea nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, lengo la kuhamia mfumo wa dijitali ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu.

Katika mfumo wa dijitali, picha hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu, nazo husafirishwa pamoja na tarakimu za ziada zinazokiwezesha king'amuzi kusahihisha makosa ya njiani. Kwa sababu hiyo wimbi linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na picha ikabaki safi kabisa. Lakini usahihishaji huo una kikomo. Makosa yakizidi kiwango, picha huvunjika vipande vya mraba, huganda, kisha hutoweka. Hakuna kipindi kirefu cha chenga cha kumwonya mtazamaji. Ungo unaweza kuwa umelegea kwa miezi mitatu bila mtu kujua, ukangoja mvua moja kubwa ili ufichue udhaifu wake.

Mvua ya ziwani

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata karibu milimita 600. Sababu yake ni Ziwa Victoria. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya ngurumo hujengeka juu ya maji. Pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea ufuko wa magharibi, ambako ndiko uliko mji wa Bukoba. Kwa hiyo mvua nyingi za mji huo huanguka usiku wa manane, alfajiri na asubuhi.

Mawimbi yanayopokewa na nyungo ndogo za majumbani yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Matone ya mvua, ambayo upana wake ni milimita chache, huyafyonza na kuyatawanya mawimbi ya urefu huo. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa hupunguza zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya wimbi katika kila kilometa ya mvua inayopitwa. Wimbi lenyewe limesafiri karibu kilometa 36,000 kutoka kwenye satelaiti, nalo hufika likiwa dhaifu mno.

Liko jambo jingine linalotokana na mahali Bukoba ilipo. Mji huo uko kusini kidogo tu ya ikweta, na satelaiti za televisheni huning'inia juu ya ikweta. Satelaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki huonekana kutoka Bukoba karibu utosini, kwenye kimo cha nyuzi 85 hivi. Iliyo kwenye nyuzi 7 mashariki huonekana upande wa magharibi, kwenye kimo cha nyuzi 61 hivi. Mtu wa Ulaya huuona ungo wake umesimama wima kama sahani kabatini. Ungo wa Bukoba aghalabu hutazama juu. Hukinga mvua, majani na vumbi. Maji yaliyotuama ndani yake hulipotosha wimbi hata baada ya mvua kukatika, nayo yakipenya kwenye kiungio cha waya hula shaba na kuacha kutu ya kijani.

Uelekeo nao hauvumilii kosa. Kwa ungo wenye upana wa sentimita 80, kukengeuka kwa nyuzi moja hupoteza karibu nusu ya nguvu ya wimbi. Upepo, skrubu iliyolegea au kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo vyatosha kuleta mkengeuko huo. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilizipasua na kuziangusha nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini. Na ukuta uliosogea husogeza kila kitu kilichofungwa juu yake.

Umeme na uhai wa king'amuzi

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya msongo wa kilovolti 132 itokayo Masaka hadi Kyaka. Popote ambapo umeme husafiri mbali na kugawiwa kwa watu wengi kwa nyaya nyembamba, nguvu yake huelekea kushuka jioni, wakati pasi, majiko na taa hutumika kwa pamoja. Baada ya kukatika, hurejea mara nyingine kwa kishindo.

Ndani ya king'amuzi mna sehemu inayoupunguza umeme wa ukutani kuwa volti chache zinazohitajika. Sehemu hiyo hutegemea vihifadhi umeme vidogo vya mviringo vyenye majimaji ndani. Joto huyakausha majimaji hayo; kihifadhi huvimba kichwani, na king'amuzi hushindwa kuwaka au hujizima na kujiwasha mfululizo. King'amuzi kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa, au kilichowekwa juu ya televisheni yenye joto, huzeeka mapema. Tena, kukizima kwa kitufe cha mbali hakukipumzishi: sehemu hiyo ya umeme huendelea kufanya kazi mchana kutwa.

Radi ina njia mbili za kuingia: waya wa umeme na waya wa ungo. Anayechomoa mmoja na kuuacha mwingine ameufunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi. Kifaa cha kulinda umeme husaidia dhidi ya kupanda na kushuka kwa nguvu, lakini hakitoshi kukabili radi iliyo karibu.

Safari ya malipo

Hata ungo ukiwa sawa na king'amuzi kikiwa kizima, picha haitaonekana mpaka ruhusa ifike. Matangazo ya kulipia husafirishwa yakiwa yamefungwa kwa siri ya kihesabu. Mtazamaji anapolipa, fedha hupita kwanza kwenye mtandao wa simu, huduma iliyoenea nchini tangu mwaka 2008. Kisha taarifa huingia katika daftari la kampuni. Kisha mtambo wa kampuni huandaa ruhusa ya kadi husika. Kisha ruhusa hiyo hurushwa kupitia satelaiti ileile inayoleta picha. King'amuzi kisichowashwa hakiipokei. Mtambo huirudia ruhusa kwa muda fulani tu. Mtu aliyelipa wakati umeme umekatika, akawasha muda huo umekwisha kupita, huona kana kwamba hakulipa, ilhali fedha imefika na siku zinahesabiwa. Dawa yake si kulipa mara ya pili, bali kuomba ruhusa irushwe upya huku king'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye chaneli iliyolipiwa.

Tovuti za huduma zilikusudiwa kumwondolea mteja foleni. Lakini tovuti iliyoundwa vibaya huzaa tatizo jipya. Chukulia mkazi wa Nshambya anayejaza namba ya kadi yake, anabonyeza, ukurasa unaandika "subiri", kisha unakatika. Je, ombi lake halikufika, au lilifika, likatekelezwa, na jibu ndilo lililopotea njiani? Ni sawa na mtu aliyemtuma mjumbe kupeleka fedha ng'ambo, mjumbe asirudi. Kimya chake hakisemi kama alizama akienda au akirudi. Hakuna akili ya mtumaji inayoweza kutegua fumbo hilo kwa kukitazama kimya chenyewe.

Wataalamu wa kompyuta wanalo jibu, nalo si la gharama kubwa. Kila ombi hupewa namba yake ya pekee kabla ya kutumwa. Likirudiwa, hurudiwa kwa namba ileile, na mtambo hutambua kwamba limekwisha kutekelezwa. Hutoa risiti ya kwanza badala ya kudai fedha tena. Tovuti inayotengeneza namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa humtoza mteja mara mbili, kisha humtaka athibitishe kwamba ametozwa mara mbili.

Kutenganisha sababu

Mtumiaji hana vipimo vya maabara, lakini anayo macho na daftari. Karibu kila king'amuzi kina ukurasa unaoonyesha nguvu na ubora wa wimbi. Nguvu na ubora vikiwa chini pamoja, achunguze waya, viungio na kichwa cha ungo. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa sifuri, yaelekea ungo unatazama pasipo. Vyote viwili vikiwa vizuri, na chaneli za bure zinaonekana ilhali za kulipia zimefungwa, kosa liko kwenye malipo au ruhusa. Fundi asipande juu ya bati.

Yafaa pia kuandika, kila picha inapokatika, tarehe, saa, hali ya hewa, hali ya umeme na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Baada ya wiki chache mpangilio hujitokeza. Hitilafu inayofuatana na mvua ni ya ungo. Inayokuja kila jioni na kuondoka usiku wa manane huenda ni ya umeme. Inayokuja tarehe ileile kila mwezi ni ya malipo. Daftari hilo pamoja na risiti ndiyo silaha ya mteja anapolalamika. Hatua ya kwanza ni kwa mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhika, mteja anaweza kulifikisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria ya mwaka 2003 iliyoianzisha mamlaka hiyo iliweka pia baraza la kuwasemea watumiaji.

Hata hivyo si haki mzigo wa uchunguzi wote umwangukie mwenye ungo. Mtambo wa kampuni unajua fedha ilipoingia na saa ruhusa iliporushwa. King'amuzi kinajua kama wimbi lipo. Kuziunganisha taarifa hizi katika ukurasa mmoja unaosema waziwazi ni kiungo kipi kilichokatika, na kuzirudisha siku zilizopotea kwa kosa lisilo la mteja, ni kazi ambayo elimu ya leo inaiweza. Kampuni isiyoifanya humfanya mama wa Nshambya amlipe fundi kwa kosa la tovuti, na mwezi unaofuata ailipe kampuni kwa giza lililotokana na maji ndani ya ungo.