Dhamana ya Nyumba Hulindwa Siku ya Kuingia

Lexington, mji wenye watu wapatao 320,000 katika jimbo la Kentucky, Marekani, una kodi za nyumba nafuu ukilinganisha na New York au Boston. Wakongomani wengi wamehamia huko, na Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi mjini baada ya Kiingereza na Kihispania. Lakini unafuu wa kodi haumkingi mpangaji asipoteze fedha. Zinazopotea kirahisi kuliko zote ni zile za dhamana, anazoweka kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Mara nyingi hulingana na kodi ya mwezi mmoja, ingawa sheria ya jimbo haikuweka kikomo.

Mwombaji huchunguzwa kwanza. Wenye nyumba wengi hutaka kipato kinachofika mara tatu ya kodi, na huangalia historia ya mikopo. Mgeni ambaye bado hana historia hiyo asikate tamaa: hati za mshahara na barua ya mwajiri husaidia, na wengine hukubali mdhamini. Ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi, hivyo uliza masharti kabla ya kulipa.

Sheria ya upangaji inayotumika Lexington inamtaka mwenye nyumba aiweke dhamana katika akaunti ya benki iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, na amjulishe mpangaji benki na namba ya akaunti. Kabla ya kuipokea, anatakiwa pia kutoa orodha ya kasoro zote zilizopo ndani ya nyumba pamoja na makadirio ya gharama za matengenezo. Mpangaji ana haki ya kuikagua nyumba akiwa na orodha hiyo mkononi, kisha wote wawili wanatia sahihi.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Watoto wanasubiri garini, mizigo iko mlangoni, karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Mpangaji anatia sahihi ili ayamalize. Kumbe kisheria sahihi hiyo inathibitisha kwamba orodha ni kamili, isipokuwa kwa kasoro zilizojificha. Kama kapeti ya chumbani ilikuwa na alama ya pasi na haikuandikwa, siku ya kuhama alama hiyo itahesabiwa kuwa yako.

Kwa hiyo kagua bila haraka. Washa jiko, plate moja baada ya nyingine. Fungulia maji ya moto, kisha inama uangalie chini ya sinki kama kuna unyevu. Fungua madirisha yote, chungulia ndani ya kabati, piga picha. Usipokubaliana na orodha, andika kipengele unachokipinga na utie sahihi kwenye maelezo hayo, sheria inakuruhusu.

Unapohama hutengenezwa orodha ya pili, nayo una haki ya kuikagua. Acha anwani yako mpya kwa maandishi. Mwenye nyumba akikutumia taarifa ya fedha unazodai, nawe usijibu ndani ya siku 60, anaweza kuzichukua. Kwa upande mwingine, kama hakufungua akaunti maalumu wala kukupa orodha hizo, hana haki ya kubakiza hata senti. Madai yasiyozidi dola 2,500 yanaweza kupelekwa kwenye mahakama ya madai madogo bila wakili.

Wapo wanaoacha kulipa mwezi wa mwisho wakitegemea dhamana ifidie. Nashauri usifanye hivyo. Kodi isipolipwa, mwenye nyumba anaweza kutoa notisi ya siku 7 kisha kwenda mahakamani, na kesi ya kuondolewa huonekana na wenye nyumba wengine utakapoomba kwao. Hata hivyo, yeye mwenyewe haruhusiwi kubadilisha kitasa wala kukukatia umeme ili utoke.

Ndugu msomaji, kama una jamaa anayehamia huko, mwambie asitie sahihi asichokielewa, na adai nakala ya kila karatasi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa kisheria bila malipo kutoka Legal Aid of the Bluegrass.