Kengele ya Frere Town na Makelele ya Zama Zetu

Ukivuka daraja la Nyali na kushika njia ya Malindi, hukawii kumsikia makanga wa matatu akinadi, “Kengeleni! Washukao Kengeleni!” Watu hushuka mbio, huyu na kapu lake, yule na simu sikioni, wakatawanyika. Jina hilo lina asili. Kando ya njia ipo kengele kweli, kengele ya Wakristo wa Frere Town, na ni wachache miongoni mwa washukao wanaoinua macho kuitazama. Leo nimeonelea niizungumze, ijapokuwa si yetu sisi tuliolelewa chuoni, kwa kuwa lililowafika wenyewe limetufika na sisi.

Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa C.M.S. kati ya mwaka 1874 na 1875, mara baada ya Sayyid Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Kiingereza aliyetumwa Unguja kuutafuta mkataba huo. Waliowekwa pale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Pamoja nao walikuwako Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, ambao nao walikuwa wametekwa wangali watoto.

Kengele husemwa iliwekwa ili kuwatahadharisha watu wakija wenye nia ya kuwarudisha utumwani. Na hapa tusijitie hamnazo. Hao waliokuwa wakiogopwa hawakutoka mbali. Walikuwa ng'ambo ya pili ya maji, mjini Mombasa, Waislamu wenzetu. Mwaka 1880 ugomvi juu ya watoro waliokimbilia misheni ulikaribia kuwa vita. Halikupatikana suluhu mpaka tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya I.B.E.A. ilipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wa Rabai, wakapewa vyeti vya uhuru.

Sasa mfikirie mtu kama huyo. Amechukuliwa mdogo, hajui tena kijiji chao, lugha ya mamake imemponyoka, jina alilo nalo amepewa na mgeni. Sisi dini tumeikuta nyumbani: bibi anasali, mtaa mzima una madrasa, mwezi ukiandama hata asiyefunga huona haya kula njiani. Yeye hakuwa na mtaa wala ukoo. Kanisa ndilo lililokuwa mtaa, na wenziwe wa ibada ndio waliokuwa ukoo. Siku yao ilipangwa kwa kengele: kuamka, kusali, kwenda shamba, kwenda skuli, kusali tena. Silipambi jambo hili. Misheni ile ilikuwa na ukali wake, na viboko vyake vilizua lawama hata huko Uingereza. Walakini imani iliwekwa katikati, na mambo mengine yakapangwa pembeni yake.

Nina rafiki mmoja, mzee aliyezaliwa Frere Town ambaye sasa akaa na kusali kwingine. Tumezikana na kuozeshana miaka mingi. Siku moja barazani nilimwuliza kama bado hali ni ile.

“Maalim,” akanijibu, “zamani kanisa lilikuwa katikati na sisi tukilizunguka. Sasa kanisa nalo ni kituo cha matatu. Watu washuka, wapanda, waenda zao.”

Nilidhani atalaumu pombe na ngoma za usiku, kama wafanyavyo wazee wa dini zote. Hakufanya hivyo. Alisema mlevi ajijua kuwa ni mlevi, na iko siku atarudi akilia. Kimtishacho yeye ni mambo mazuri: kamati za harusi, harambee ya viti, kwaya inayojifunza wiki nzima kwa ajili ya kurekodi na siku ya ibada yenyewe imechoka. Akanitolea mfano. Katika jumuiya yao kuna mama mjane aliyelala mgonjwa siku tisa. Habari ilitiwa katika kundi la simu. Kukaja “Amina” mia, na picha za maua, na mikono iliyokunjwa kuombea. Mlangoni pake hakubisha mtu, kila mmoja akidhani mwenziwe amekwenda. Siku ya kumi alikwenda mchuuzi wa maji, kudai pesa zake, ndiye aliyemkuta hajiwezi.

Rafiki yangu alinikumbusha kisa kilichomo katika Injili ya Luka, cha ndugu wawili, Martha na Mariamu, waliomkaribisha Nabii Isa nyumbani mwao. Mmoja akaketi kumsikiliza, mwingine akashughulika na mapishi hata akalalamika kwamba hasaidiwi. Nami nikamtajia mwisho wa Sura ya Ijumaa, jinsi watu walivyoiona biashara na pumbao wakaikimbilia, wakamwacha Mtume, rehema na amani zimshukie, amesimama. Tukatazamana. Katika visa vyote viwili hakuna kilichokuwa haramu. Chakula cha mgeni ni heshima, na msafara wa biashara uliingia Madina wakati wa dhiki. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea katika mawaidha yetu: twapiga kelele juu ya dhambi zijulikanazo, na lililomwondoa mtu katika safu ni halali tupu.

Simu yenyewe mfano wake ndio huo. Ndani yake imo Biblia na umo msahafu, na umo mpira wa Uingereza. Mkristo afungua Zaburi, hajamaliza aya tatu yashuka habari ya bao. Nasi tusicheke, khatibu yuko juu ya mimbari na vidole vinacheza chini ya kanzu.

Mwaka 2020, makanisa na misikiti ilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, jambo hili lilidhihirika. Ilipofunguliwa Julai, kwa watu wasiozidi 100 na muda usiozidi saa moja, wengine walikuwa wameshazoea ibada ya kitandani, mhubiri akihubiri huku mayai yakikaangwa. Sisi wanazuoni wengi walitukatalia kumfuata imamu kwa simu katika Ijumaa, lakini darsa zetu nyingi zilihamia humo, na baadhi yake hazijarudi.

Nyumbani kwa rafiki yangu sasa kuna kapu la ukindu. Kabla ya chakula cha usiku kila mtu hutia simu yake humo, husomwa sura moja, kisha huliwa. Mjukuu wake wa kike alipinga: “Babu, Biblia yangu imo ndani ya simu!” Babu akamnunulia ya karatasi, ile tafsiri ya 1952 iliyotoka baada ya Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa kupatanishwa. Binti akalalamika tena kuwa maneno yake ni magumu. Mzee akamwambia, nenda kwa Maalim.

Si ajabu. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi Mwislamu. Basi binti alikuja na nduguye mdogo, amebeba kitabu kwapani na karatasi ya maneno aliyoyaandika: kicho, fadhili, ghadhabu. Mke wangu akawatilia chai. Tulianza na “kicho”, tukazungumza tofauti ya kumcha Mungu na kumwogopa mbwa, na hatukufika kwenye “ghadhabu” kabla ya adhana ya isha. Nimewaambia waje Jumatano, baada ya alasiri.