Kidonge na Chumba cha Ndani

"Mjomba, mtu akimeza dawa za VVU kila siku, miaka nenda miaka rudi, ubongo wake hauchoki?"

Hongera, mpwa wangu. Hilo ni swali la kidaktari. Wapo watu wazima wanaokaa nalo moyoni na hawathubutu kuliuliza. Tanzania ilianza kutoa dawa hizi kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Waliokuwa vijana wakati ule, leo wanaota mvi, na bado wanameza. Kwa hiyo umeuliza jambo la maana.

Sasa nisikilizeni wote. Ubongo ni chumba cha ndani kabisa katika nyumba. Hakiingiliwi hovyo. Mlangoni yupo bawabu. Bawabu huyo ni ukuta wa mishipa midogo sana ya damu. Sukari huiruhusu, hewa safi huiruhusu. Vijidudu vingi huvikataa, na dawa nyingi huzikataa pia.

"Basi virusi vilipitaje?"

Vilijificha, mpwa wangu. Seli nyeupe za damu ndizo askari wa nyumba. Bawabu anawajua, huwafungulia. Virusi hujificha ndani ya askari, vikaingia naye. Hazipiti wiki nyingi tangu mtu aambukizwe, navyo vimeshafika ndani. Vikifika haviziingii zile seli zinazofikiri. Vinawaingia walinzi wa chumba. Walinzi hushtuka, wakapiga kelele usiku na mchana. Kelele hiyo ndiyo inayoziumiza seli zinazofikiri. Hapo mtu huanza kusahau. Husoma ukurasa mmoja mara tatu. Mikono na miguu huwa mizito.

Tumwite Kidonge mwenyewe, aseme.

"Mimi ni Kidonge. Nakaa koponi. Siwezi kuvimaliza virusi vyote, ila navizuia visizaliane. Vikipungua kwenye damu, askari wenye virusi hupungua. Askari hao wakipungua, kelele chumbani hupungua. Tena siendi peke yangu. Ndani yangu tumo watatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Bawabu hatupitishi sote sawasawa, lakini tukiwa pamoja tunafanya kazi."

"Na wewe, Kidonge, hujawahi kumsumbua mtu?"

"Ndugu yangu efavirenzi amewahi. Watu walimmeza usiku wakati wa kulala, kwa sababu alileta kizunguzungu na ndoto za ajabu. Wengine aliwatia huzuni nzito. Kwa wengi mambo hayo yalipita baada ya wiki chache. Kwa wengine hayakupita. Ini lao humtoa mwilini polepole, wamezaliwa hivyo, na Afrika watu wa namna hiyo ni wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegraviri itangulie. Nayo pia huwanyima baadhi ya watu usingizi. Ndiyo maana wengine huambiwa wanimeze asubuhi."

Ahsante, Kidonge. Umesema kweli, na ukweli huo watu wanaudai.

"Mjomba, madaktari wanajuaje kwamba ubongo umechoka? Wanaufungua?"

Hapana, hapana! Wanacheza nao. Ngoja tuucheze mchezo wenyewe. Kuna kipimo kilichotolewa mwaka 2005, kilichojaribiwa Marekani na Kampala, Uganda. Hakihitaji kalamu wala kujua kusoma. Kwanza, shikeni maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Yarudieni. Vizuri! Sasa tumieni mkono msioandikia. Kidole gumba na cha shahada, viachanisheni na kuvigonganisha, upesi upesi, sekunde 5. Haya, ngumi mezani. Kiganja mezani. Ubavu wa mkono mezani. Tena! Tena! Basi. Yale maneno manne yalikuwa yapi?

Mmeyakumbuka! Mtu ambaye chumba chake kina kelele huyapoteza, na vidole vyake huwa vizito.

Nanyi sikieni kilichotokea Kampala. Watafiti waliwapima akili watu wenye VVU walioanza dawa. Wakawapima tena baada ya miezi 3, na tena baada ya miezi 6. Walikumbuka vizuri zaidi, wakafanya mambo upesi zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Dawa zile zile tulizoogopa kwamba zingeuchosha ubongo ndizo zilizoupumzisha. Huko Afrika Kusini nako, watoto wachanga wenye VVU walioanza dawa kabla ya kutimiza wiki 12 walikua kiakili vizuri kuliko waliocheleweshwa.

"Kwa hiyo anayemeza dawa hasahau kamwe?"

Sitakudanganya. Wapo wanaosahau hata baada ya miaka mingi ya dawa. Wengine waliumia kabla hawajaanza kumeza. Kwa wengine kelele imepungua, haijaisha. Wengine wana shinikizo la damu, kisukari, pombe, au huzuni, na haya humsahaulisha hata asiye na VVU. Na kwa wachache, ni dawa yenyewe. Lazima mtaalamu apime, ajue ni lipi.

"Basi mwenye ndoto mbaya aache dawa?"

La, asiache! Akiacha, virusi huanza kuzaliana tena, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, na kelele hurudi chumbani. Aende kliniki. Huko zipo dawa nyingine za kubadilishiwa. Tatizo ni kwamba wengi wakifika huulizwa hali, hujibu "nzuri tu," wakachukua vidonge wakaondoka. Ndoto hawazisemi. Usingizi hawausemi. Usahaulifu wanadhani ni uzee.

Kwa hiyo, wapwa zangu, kama nyumbani kwenu yupo anayemeza dawa hizi, msimtangaze kwa watu. Mwambieni taratibu kwamba siku ya kliniki aseme kila kitu, hata ndoto.