Mashudu kwa sungura: kinachomnenepesha ng'ombe chaweza kumuua sungura mchanga

Nikitaja Makadara, msomaji wa Mombasa atadhani nasema ile yetu ya kisiwani. Hii ni ya Nairobi, kule Eastlands, kwenye mitaa iliyopakana na barabara ya Jogoo. Huko anaishi binti ya ami yangu, mzaliwa wa Kuze, aliyeolewa bara na sasa ni mjane mwenye watoto watatu. Nyuma ya nyumba yake pana vizimba vya mbao na waya, na ndani mna sungura. Hao ndio wanaomlipia karo ya mtoto wa mwisho.

Mwezi wa Shaaban alinipigia simu, sauti imemkauka. "Kaka, niliwaachisha ziwa kumi na wanne, sasa wamebaki watano. Wala vizuri, kisha wafa tu."

Mimi nilisomea stashahada ya mifugo kabla kalamu haijaniteka, na wiki ile nilikuwa na safari ya Nairobi. Nilipofika niliomba kwanza nione chakula chao. Akanitolea gunia la mashudu ya karanga, alilouziwa kwa bei ya chini akaambiwa ndiyo dawa ya kuwakuza upesi. Juu yalikuwa safi. Nilipotia mkono chini nikatoa mabonge yenye ukungu wa kijani. Daktari wa mifugo tuliyemwita alimpasua mmoja aliyekufa asubuhi ile, akatuonyesha ini lililopauka na kuwa manjano.

Mfugaji huyu hakukosea kutafuta mashudu. Mashudu ni makapi yanayobaki mbegu za mafuta zikishakamuliwa: alizeti, pamba, soya, karanga, simsim, nazi. Mafuta mengi yametoka, protini imebaki. Sungura anayekua ahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi, na pumba za mahindi zina kama 10 tu. Pengo hilo hujazwa na mashudu. Yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubakiza mafuta kidogo pia, nayo humpa sungura nguvu, maana gramu ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga.

Lakini tumbo la sungura si la ng'ombe wala si la kuku. Majani huchachuka nyuma, kwenye utumbo mpana, na vijidudu vya humo vyataka nyuzinyuzi. Usiku sungura hula kinyesi chake laini kikitoka tu, apate virutubisho alivyovikosa mara ya kwanza. Ukimjaza unga na protini ukampunguzia majani, vijidudu huvurugika, naye akaharisha hadi kufa. Nilimwambia binti ya ami: majani makavu ndiyo wali, mashudu ni kitoweo. Hakuna alaye sinia la kitoweo bila wali.

Tena mashudu hayalingani. Ya alizeti ndiyo ninayoyapendelea kwa mfugaji mdogo, kwa sababu yana protini na nyuzinyuzi pamoja, kwa vile maganda mengi hubaki ndani. Nairobi hayaadimiki, mengi huja kutoka Tanzania na Uganda.

Soya ina protini nyingi sana, lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagike tumboni. Ni lazima ikaangwe mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo isagwe.

Pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima huivumilia kwa sababu tumbo lake la kwanza huidhoofisha. Sungura hana tumbo hilo, na dume la mbegu laweza kupungukiwa na uzazi. Bora kuyaepuka.

Karanga ni nzuri zikiwa safi. Zikiota ukungu hutoa aflatoksini, ile sumu iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004 kupitia mahindi. Sungura ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi mno. Kuanika juani au kukaanga hakuiondoi, na kuchambua mabonge hakutoshi. Gunia lile tulilitupa lote, na muuzaji hakurudisha hata shilingi.

Wa pwani wataniuliza: na nazi? Mashudu ya nazi kavu yafaa, yana protini kama asilimia 20, ila nayo hushika ukungu kwa unyevu wetu huu. Chicha za jikoni ni kitu kingine. Tui limeshatoka, protini ni ndogo, na zikilala huchacha. Wape kuku siku hiyo hiyo. Ama simsim, ile inayolimwa Lamu, mashudu yake ni mazuri sana kwa kuchanganya na ya alizeti.

Hesabu tuliyofanya Makadara ni hii. Pumba za mahindi zina protini 10, mashudu ya alizeti tuliyapima kwa 28, nasi twataka 16. Kilo mbili za pumba na kilo moja ya mashudu: 10 na 10 na 28 ni 48, gawa kwa tatu, wapata 16. Tukatia vijiko viwili vya chai vya chumvi. Kila sungura alipewa kiganja kimoja kwa siku, na majani makavu mbele yake mchana na usiku, pamoja na maji safi. Chakula kipya hakikuingizwa kwa pupa: siku saba hadi kumi, kipya kikiongezwa na cha zamani kikipunguzwa. Mashudu nunua ya wiki mbili tatu, yanuse, yavunje vunje, kisha uyaweke juu ya mbao pakavu. Yakinuka mafuta yaliyooza, yaache dukani.

Kati ya wale watano, mmoja alikufa wiki ile ile. Ini lilikuwa limeshaharibika. Wanne walipona. Binti ya ami huwapima kila Ijumaa kwa mizani ya jikoni na kuandika kwenye daftari la mtoto. Walipotimiza miezi minne na nusu, kila mmoja alizidi kilo mbili. Wawili aliwauza, majike wawili akawabakiza kwa mbegu. Karo ya muhula ule haikutimia, tukaichangia sisi jamaa. Ya muhula huu, inshallah, atailipa mwenyewe.

Gunia lile la rahisi lilimgharimu sungura kumi. Wewe unayefuga Kisauni, Likoni au Malindi, kabla ya kulipa, tia mkono mpaka chini ya gunia.