Kutoka Endiinzi Hadi Lyon: Namna Taarifa za Kuzuia Ugaidi Zinavyosafiri

Njama ya ugaidi mara nyingi hupangwa katika nchi moja, hugharimiwa kutoka nchi ya pili na kutekelezwa katika nchi ya tatu, na kwa sababu hiyo hakuna chombo kimoja cha usalama, hata kiwe na askari na vifaa kiasi gani, kinachoweza kuiona njama nzima kikiwa peke yake. Polisi wa upande mmoja wa mpaka huwa na jina la mtuhumiwa, maofisa uhamiaji wa upande wa pili huwa na alama za vidole vyake, wakala wa fedha za simu huwa na kumbukumbu ya malipo aliyoyapokea, na mwenyekiti wa kijiji huwa amekwisha kusikia habari ya wageni waliopanga chumba na kukataa kujitambulisha. Kazi ya kuzuia ugaidi, kwa hiyo, haiishii katika kukusanya habari, bali hutegemea zaidi kama vipande hivyo vitakutana mikononi mwa mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua kabla ya siku ya shambulio.

Wataalamu hutofautisha tetesi na taarifa za kiintelijensia. Tetesi ni habari mbichi ambayo bado haijathibitishwa. Taarifa za kiintelijensia ni habari iliyopimwa, ikalinganishwa na habari nyingine na kufasiriwa ili imwezeshe mkuu wa polisi, hakimu au kamanda kufanya uamuzi. Upimaji huo hufanywa kwa maswali mawili yanayoulizwa kila moja kwa nafasi yake, yaani mtoa habari ni mtu wa kuaminika kiasi gani, na habari yenyewe ina ukweli kiasi gani, kwa kuwa mtu mwaminifu anaweza kukosea na mwongo anaweza siku moja kusema kweli. Majibu ya maswali hayo huandikwa kwa alama maalumu juu ya taarifa, ili ofisa atakayeipokea akiwa mbali ajue uzito wake bila kulazimika kumjua aliyeitoa.

Makazi ya wakimbizi karibu na mpaka

Endiinzi ni mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale na si mbali na mpaka wa Tanzania unaofuata Mto Kagera. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wakazi wake, ambao idadi yao imepita laki moja na nusu, wanatoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wakongomani wengi miongoni mwao wamekimbia vita vya mashariki mwa nchi yao, na kati ya makundi yanayoendesha vita hivyo limo la Allied Democratic Forces, yaani ADF, lililoanzishwa na Waganda katika miaka ya 1990, likajichimbia katika misitu ya Kongo na baadaye kutangaza utii kwa kundi la Dola la Kiislamu.

Jambo hili lina maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kwamba eneo lenye watu wengi wanaohama, lugha nyingi na njia za panya za kuvuka mpaka linaweza kutumiwa na mtu anayejificha. Ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba wakimbizi wengi wa huko ni waathirika wa makundi hayohayo, wanazijua sura zao, njia zao na vitisho vyao, na wana sababu kubwa kuliko ofisa yeyote ya kutaka wazuiwe. Chombo cha usalama kinachomtazama kila mkimbizi kama mtuhumiwa hujifungia mlango wa chanzo chake bora cha habari.

Ngazi za ndani ya Uganda

Nchini Uganda habari huanza kupanda kutoka kijijini. Mwenyekiti wa LC1, ambaye ndiye kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ya utawala, huwasiliana na ofisa wa usalama wa gombolola, ajulikanaye kwa kifupi kama GISO. Huyu huripoti kwa ofisa wa usalama wa wilaya, yaani DISO, na wote wawili ni watumishi wa Idara ya Usalama wa Ndani, ISO, iliyowekwa kisheria mwaka 1987 pamoja na mwenzake ESO inayoshughulikia usalama wa nje. Polisi nao wana ngazi zao, kutoka kituo kidogo hadi makao ya wilaya, kisha makao ya mkoa wa polisi wa Rwizi yaliyoko Mbarara, na hatimaye Kampala. Jeshi lina mkondo wa tatu, na Mbarara ndipo yalipo makao ya Divisheni ya Pili katika kambi ya Makenke.

Mikondo hii mitatu hukutanishwa wilayani na kamati ya usalama inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya anayemwakilisha Rais, maarufu kama RDC, na kitaifa na Kikosi cha Pamoja cha Kupambana na Ugaidi, JATT, kilichoundwa mwaka 1999 ili askari wa jeshi, polisi na maofisa wa ISO na ESO wafanye kazi chini ya paa moja. Ndani ya Nakivale kuna safu nyingine, kwa kuwa makazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo humweka kamanda wa makazi, na wakimbizi wenyewe huchagua mabaraza ya ustawi wao yanayofanana na mabaraza ya vijiji.

Mwombaji hifadhi huandikishwa kwa alama za vidole na mboni za macho, utaratibu ulioimarishwa mwaka 2018 baada ya kugunduliwa kwamba hesabu za wakimbizi zilikuwa zimetiwa chumvi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ikifuata Mkataba wa Kimataifa wa 1951, humnyima hadhi ya ukimbizi mtu aliyetenda uhalifu mkubwa kama ule wa kivita. Hata hivyo, habari za mwombaji hazipaswi kupelekwa kwa serikali ya nchi aliyoikimbia, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha yake na ya jamaa zake waliobaki nyuma.

Mikondo ya nje ya mpaka

Habari inapovuka mpaka hupita katika njia zilizokubaliwa kwa mikataba. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Septemba 2001, linazitaka nchi zote zipeane tahadhari za mapema kuhusu ugaidi. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki walianzisha jumuiya yao, EAPCCO, mjini Kampala mwaka 1998, na sekretarieti yake imo ndani ya ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi. Idara za usalama za Afrika zina kamati yao, CISSA, iliyoundwa Abuja mwaka 2004, na nchi za Maziwa Makuu zilifungua mjini Goma mwaka 2012 kituo cha kuunganisha taarifa kuhusu makundi yenye silaha.

Interpol yenyewe, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, na nchi wanachama 196, haina askari wa kukamata watu kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kuunganisha ofisi moja ya kila nchi na nyingine zote kwa mtandao wa siri unaofanya kazi saa 24, na kusambaza notisi, ambayo maarufu zaidi ni Notisi Nyekundu, yaani ombi kwa polisi wa dunia wamtafute mtu na kumzuia kwa muda wakati taratibu za kumrejesha zikiendelea. Jamil Mukulu, aliyeiongoza ADF kwa miaka mingi, alikuwa akisakwa kwa notisi ya namna hiyo alipokamatwa Tanzania mwaka 2015 akiwa ametumia majina tofauti. Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilisikiliza ombi la Uganda na kuridhia arejeshwe, na Julai mwaka huo akakabidhiwa.

Palipofaulu na palipovunjika

Mfano unaotajwa zaidi wa kuvunjika kwa mawasiliano ni wa Marekani. Shirika la ujasusi la CIA lilijua tangu mapema mwaka 2000 kuwa mmoja wa watu lililokuwa likiwafuatilia alikuwa na viza ya kuingia Marekani, lakini polisi wa upelelezi, FBI, hawakuanza kumsaka hadi Agosti 2001, wiki chache tu kabla ya yeye na wenzake kuteka ndege za Septemba 11.

Uganda ina kumbukumbu zake chungu. Tarehe 11 Julai 2010, wakati watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala, mabomu ya kundi la kigaidi la Al-Shabaab yaliua zaidi ya watu 70 katika uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village. Bomu jingine ambalo halikulipuka lilikutwa Makindye, na upelelezi uliohusisha polisi wa Uganda, Kenya, Tanzania na FBI ukafikisha mahakamani washtakiwa kutoka nchi hizo tatu za Afrika Mashariki. Mwaka 2016 saba kati yao walitiwa hatiani kwa ugaidi. Kesi hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa mwendesha mashtaka wake mkuu, Joan Kagezi, alipigwa risasi na kuuawa Machi 2015. Ilikuwa na doa pia, kwani baadhi ya washtakiwa walichukuliwa Kenya na kuvushwa hadi Uganda bila kupitishwa mahakamani kama sheria inavyotaka, jambo lililozua mashauri marefu na kudhoofisha imani ya jamii za Waislamu ambazo ushirikiano wao ulihitajika. Ikilinganishwa na njia aliyopitishwa Mukulu, hiyo ilikuwa njia ya mkato iliyoongeza urefu wa safari.

Tukio la Mpondwe linafundisha jambo jingine. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji wa ADF waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wilayani Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, ingawa wakati huo majeshi ya Uganda na Kongo yalikuwa tayari katika operesheni ya pamoja iitwayo Shujaa tangu Novemba 2021. Jenerali aliyeongoza operesheni hiyo alieleza kuwa kulikuwa na dalili za waasi kuonekana katika eneo hilo takriban siku mbili kabla. Kamba hukatikia pabovu, na mara nyingi pabovu huwa ni ile hatua ya mwisho, kati ya anayejua na anayelinda lango.

Kwa nini taarifa hufichwa

Idara hazifichi taarifa kwa ubinafsi tu. Ipo hofu ya kumfichua mtoa habari, ambaye akitajwa huweza kuuawa. Ipo pia kanuni kwamba anayepokea taarifa kutoka idara nyingine haruhusiwi kuipitisha kwa mtu wa tatu bila ridhaa ya mwenye taarifa, kanuni inayojenga imani lakini pia huchelewesha. Aidha, si kila taarifa ya kiintelijensia inafaa kuwa ushahidi, kwa sababu mahakama hutaka kujua ilivyopatikana na humruhusu mshtakiwa kuihoji; nchini Uganda, kwa mfano, kusikiliza simu ya mtu kunahitaji kibali cha jaji chini ya sheria ya mwaka 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka mipaka ya matumizi ya habari binafsi.

Mipaka hiyo si kikwazo kwa usalama. Mwananchi wa Endiinzi au mkimbizi wa Nakivale ataeleza alichokiona ikiwa anaamini kuwa jina lake litafichwa, kuwa jirani asiye na hatia hatapigwa kwa sababu ya kabila au dini yake, na kuwa habari yake itafanyiwa kazi. Viongozi wa wilaya na wakuu wa polisi wa Mbarara, basi, wana wajibu wa kuhakikisha kuwa tahadhari inayotoka juu inamfikia mwalimu wa shule, mlinzi wa soko na mwenyekiti wa LC1 kwa haraka ileile wanayoidai kwao, kwani taarifa inayopanda bila kushuka haimlindi yeyote.