Mwezi Mchanga juu ya Stempu ya Nyumbu

Jumamosi moja asubuhi nalikuwa nimeketi uani kwangu hapa Ekero, karibu na Mumias, siku ambayo karani hana faili mbele yake wala mkubwa wa kumwita, nikamwona kijana wa jirani yetu akija na nyanya yake. Mama yule ni mzee sana, naye alikuwa amekumbatia mkebe wa biskuti ulioshika kutu. Ndani yake mlikuwa na barua ambazo baba yake aliziandika kutoka Nairobi katika mwaka wa 1941 na 1942, alipokuwa akifanya kazi huko wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kijana naye alikuwa na kitu chake, amekikunja katika karatasi safi: stempu moja aliyoinunua mjini kwa fedha ambazo ukoo ulikuwa umezichanga kwa ajili ya karo ya dada yake. Aliambiwa kwamba wazungu huitafuta stempu ile kwa bei isiyosemeka. Alitaka nimwandikie barua ya Kiingereza, aipeleke London.

Yafaa kwanza msomaji afahamu stempu zenyewe ni zipi. Katika siku zile Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na stempu za pamoja, nazo zilipigwa chapa London katika kiwanda cha De La Rue. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 kiwanda hicho kilibomolewa kwa mabomu ya Wajerumani, na meli nazo zilikuwa zikizamishwa baharini. Stempu zikawa haba. Ndipo zikachukuliwa stempu za Afrika ya Kusini, zikapigwa chapa ya pili juu yake: majina ya nchi zetu tatu pamoja na bei mpya kwa senti. Ile ya peni moja yenye picha ya merikebu ikawa ya senti 5. Ya peni tatu ikawa senti 10. Ya peni sita yenye mchungwa ikawa senti 20. Na ya shilingi moja, yenye picha ya nyumbu, ikawa senti 70. Tatu za kwanza zilianza kuuzwa tarehe 1 Julai 1941, na ile ya nyumbu ikafuata tarehe 20 Aprili 1942.

Stempu hizo zina tabia moja ya ajabu. Kwa kuwa Afrika ya Kusini ilikuwa na lugha mbili za serikali, stempu moja iliandikwa SOUTH AFRICA na jirani yake SUID-AFRIKA, zikipishana hivyo katika karatasi nzima. Kwa sababu hiyo wakusanyaji huzithamini zikiwa mbili zilizoshikana. Mwenye kuzichana huwa amepoteza sehemu ya thamani kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nije kwenye mwezi. Walipokuwa wakipiga chapa ile ya senti 70, kichwa cha skurubu katika mtambo kilishika wino, kikaacha alama mfano wa mwezi mchanga juu ya stempu moja, ile ya nne katika mstari wa ishirini. Hilo lilikuwa kosa la fundi tu, lakini katika biashara hii kosa hupendwa kuliko kazi safi, maana ni adimu. Na stempu ya kijana wetu ilikuwa nayo: nyumbu wa rangi ya kahawia, senti 70, na mwezi wake mweusi.

Nikatoa lenzi yangu. Mimi si bingwa, lakini kazi ya afisini imenizoesha kutazama mihuri, na muhuri husema mengi kwa anayeuuliza. Chapa ya pili hupigwa kabla stempu haijauzwa. Muhuri wa posta hugongwa baadaye, barua ikiwa imeletwa. Kwa hiyo wino wa muhuri sharti ulale juu ya wino wa chapa. Hapa mambo yalikuwa kinyume: maandishi ya bei pamoja na mwezi yalikuwa yamelala juu ya muhuri. Tena katika muhuri wenyewe zilisomeka herufi NESBU. Hakuna posta ya Kenya yenye herufi hizo kwa mfuatano huo. Ni Johannesburg. Mtu alikuwa ameokota stempu ya kawaida ya shilingi moja, iliyokwisha kutumika huko kusini, akaichapia thamani na mwezi kwa mkono wake.

"Ni ya kweli au si ya kweli, mjukuu wangu?" aliuliza mama mzee.

"Si ya kweli, kukhu."

Kijana hakusema neno. Nilimhurumia, kwa maana si yeye wa kwanza. Katika vita ya kwanza, Waingereza walipokiteka kisiwa cha Mafia mwaka 1915, stempu za Kijerumani zilizokutwa huko ziligongwa muhuri wa mkono wa maneno G.R. MAFIA. Muhuri wa mkono ni rahisi kuigwa, na zimeigwa nyingi mno hata mnunuzi mwenye busara hagusi ya Mafia isiyo na cheti. Cheti chenyewe hutolewa na mabingwa, kama wale wa Royal Philatelic Society ya London, ambao wamekuwa wakizipima stempu tangu mwaka 1894. Nao hulipwa, ikionekana kuwa ni halisi au bandia. Hata kitabu cha bei cha Stanley Gibbons kinawapotosha wengi, kwa sababu bei iliyomo ni ile muuzaji anayotaka kwa stempu isiyo na dosari. Mwenye kuuza kwake hupata pungufu sana.

Nikaomba kuuona mkebe. Huko nikakuta huzuni ya pili: kijana alikuwa amekwisha kuloweka bahasha tatu majini ili abandue stempu, na stempu hizo sasa zilikuwa zimekunjamana, hazina muhuri kamili wala tarehe. Lakini bahasha ya nne ilikuwa nzima. Juu yake zilikuwapo mbili za senti 10 zilizoshikana, moja ya Kiingereza na moja ya Kiafrikaans, na muhuri wa Nairobi wa mwezi wa Novemba 1941 umezikumba zote mbili, wino wake juu ya chapa kama ipasavyo. Si mali ya kumtajirisha mtu, nami nikawaambia hivyo waziwazi. Ila bahasha nzima, yenye jina la mpelekewa na tarehe inayosomeka, mkusanyaji huiheshimu kuliko stempu zile zile zikiwa zimebanduliwa.

Kijana akauliza kama tuipeleke hiyo basi. Nyanya yake alikuwa amekwisha kuitoa karatasi iliyokuwa ndani. Alinipa niisome, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Baba yake alikuwa anauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa, na kama mtoto amepona kikohozi. Mtoto huyo ndiye yeye. Akaniambia niisome tena, polepole, kisha akairudisha katika bahasha na kuufunga mkebe.

Juu ya fedha za karo, nilimwandikia kijana barua aliyoitaka, lakini si ya kwenda London. Tuliielekeza kwa yule aliyemwuzia stempu, na nakala yake kwa chifu.